Kifaransa cha simu: mzigo umefika, au uko njiani?

MBARARA: Mfanyabiashara wa Kakoba akimpigia simu mwenzake wa Bukavu, achunge ulimi. "Ça se passe bien", hutamkwa "sa se pas biyen", maana yake mambo yanaendelea vizuri, hayajaisha. "Ça s'est bien passé", "sa se biyen pase", ni kwamba yamekwisha salama. Ukisema hili la pili mzigo ungali mpakani, mwenzako anaweza kulipia mali ambayo haijavuka.

Nawe ndugu unayerudi Kongo au Burundi kutoka makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ukiulizwa "Le voyage s'est bien passé?", yaani safari ilikwenda vizuri, jibu "Oui, très bien". Lakini "Tout s'est bien passé", yaani yote yamekwenda salama, useme ukishahesabu mizigo.