Gari Haliwaki? Sikiliza Kwanza Kabla ya Kutoa Pesa

Katika miji mingi ya Marekani hakuna basi la saa kumi na moja alfajiri, na zamu ya kutunza wazee haimsubiri mtu. Gari likigoma kuwaka, zamu imepotea, watoto wamechelewa shule, na kabla jua halijachomoza umeshamlipa mwenye gari la kuvuta. Mwanafunzi anayeishi mbali na chuo anaijua pia hesabu hiyo.

Wengi wetu gari likigoma hukimbilia kununua betri mpya. Wakati mwingine tunapatia. Wakati mwingine betri mpya inafungwa, na baada ya siku tatu gari linagoma tena, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Ndugu msomaji, gari huwa linasema linaumwa wapi. Geuza swichi, kisha sikiliza.

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki. Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Huenda waya umelegea au umejaa unga mweupe au wa kijani.

Ta-ta-ta-ta ya haraka, taa zinafifia. Betri haina nguvu ya kutosha kuzungusha stata.

“Ta!” moja tu, na taa bado kali. Hapo shuku stata au waya wake.

Injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Usiilaumu betri. Angalia mafuta kwanza. Kama taa yenye alama ya ufunguo inamweka, jaribu ufunguo wa akiba, kwani huenda gari halijautambua ule wa kwanza.

Kimya, lakini taa zote zinawaka vizuri. Kwa gari la otomatiki, hakikisha gia iko kwenye P na mguu uko kwenye breki. Jaribu pia kwenye N.

Kwa nini betri hutushinda zaidi wakati wa baridi? Umeme wa betri hutokana na kemikali, na baridi huzifanya kemikali hizo zifanye kazi polepole. Wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata inahitaji nguvu zaidi. Hata hivyo, joto ndilo linaloizeesha betri. Ndiyo maana ndugu zetu wa Muscat na Dubai hubadilisha betri mapema kuliko walio Uingereza, ambako betri nyingi hudumu miaka 3 hadi 5.

Vichwa vikiwa vichafu, zima gari, vaa glavu na miwani, kisha fungua waya wa hasi (−) kwanza, halafu wa chanya (+). Sugua kwa brashi ya waya na maji yenye bekingi soda, futa mpaka pakauke, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza mpaka visicheze. Kazi hii ni ya dakika kumi na tano, na mara nyingi inatosha.

Kama betri imeisha, utahitaji gari la jirani na waya za kubusti. Magari yote mawili yazimwe. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi ushike hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho isitokee karibu nayo. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha jaribu lako. Likiwaka, toa waya kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Betri iliyoganda barafu au kuvimba usiibusti kamwe. Wala usiache gari likiunguruma ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoweza kuua.

Baada ya hapo liendeshe nusu saa au zaidi, halafu lipime kwa mita ya volti, kifaa cha bei ndogo. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, imechoka au haikuchajiwa vya kutosha. Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.7 na 14.7. Ikibaki kwenye 12, alteneta haichaji, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani.

Huna mita? Nchini Marekani maduka mengi ya vipuri, kama AutoZone, hupima betri bure. Ukinunua mpya, rudisha ya zamani, kwani bei huwa na amana inayorejeshwa. Na kama gari lako hujizima lenyewe kwenye taa za barabarani, uliza betri aina ya AGM au EFB, si ya kawaida.

Jumamosi hii, kabla gari halijagoma, fungueni boneti pamoja nyumbani. Kila mwenye leseni, awe mama, baba au kijana wa chuo, aoneshwe chanya iko wapi na hasi iko wapi. Waya za kubusti zikae kwenye buti mwaka mzima.