Kodi ya nyota wa kigeni: Klabu isipokata, italipa yenyewe

USAJILI wa mchezaji wa kigeni una mbwembwe zake. Kuna mapokezi uwanja wa ndege, skafu shingoni, picha ya kusaini na namba ya jezi ambayo mashabiki wanaigombania kabla hata hajagusa mpira.

Kitu kimoja tu huwa hakipigwi picha, nacho ni karatasi ya mishahara. Na mara nyingi hapo ndipo bomu linapotegwa. Klabu inamwahidi straika kiasi fulani cha fedha kila mwezi, inamlipa chote mkononi, halafu kodi inabaki kuwa stori ya kesho. Kesho ikifika, straika ameshahamia nchi nyingine, katibu aliyesaini mkataba ameshaondoka ofisini, na barua ya mamlaka ya kodi ipo mezani.

Barcelona wanaijua barua hiyo vizuri.

Neymar na milioni 40

Juni 2013 Barcelona ilimtambulisha Neymar pale Camp Nou akitokea Santos ya Brazil. Dunia ikatangaziwa kwamba dili zima lilikuwa euro milioni 57.1. Lakini katika fedha hizo, Santos ilipata milioni 17.1 tu. Milioni 40 zilizobaki zilikwenda kwenye kampuni ya wazazi wa mchezaji, na milioni 10 kati ya hizo zilishalipwa tangu 2011, wakati Neymar bado anacheza Brazil.

Mwanachama mmoja wa klabu hakuridhika na mahesabu hayo, akaenda mahakamani kudai maelezo. Januari 2014 jaji akaikubali kesi, na siku moja baadaye rais wa klabu, Sandro Rosell, akajiuzulu. Mashabiki wengi waliona ni vita ya siasa za ndani ya klabu. Kwa watu wa kodi, swali lilikuwa moja na jepesi tu: zile fedha zilikuwa ni za nini?

Kama ni ada ya uhamisho, huo ni mambo ya klabu na klabu. Lakini waendesha mashtaka wa Hispania walisema sehemu kubwa ya malipo hayo ilikuwa ujira wa Neymar mwenyewe uliopitishwa mlango wa nyuma. Na kwa vile wakati huo hakuwa mkaazi wa Hispania kikodi, Barcelona ndiyo iliyopaswa kukata kodi ya mapato ya mtu asiye mkaazi, karibu robo ya malipo, kabla fedha haijatoka. Haikukata hata senti.

Februari 2014 klabu ililipa zaidi ya euro milioni 13.5 kwa mamlaka ya kodi kama nyongeza ya ritani yake, huku ikishikilia kwamba haina kosa na inajilinda tu dhidi ya tafsiri tofauti ya sheria. Haikutosha. Mwaka 2016 ikakubali yaishe: klabu ikabeba hatia ya makosa ya kodi ya 2011 na 2013 na kulipa faini ya euro milioni 5.5. Kwa makubaliano hayo, Rosell na mrithi wake Josep Maria Bartomeu wakanusurika katika shauri hilo la kodi.

Ukitazama vizuri, deni lile halikuanza kwa Neymar kukwepa kodi. Lilianza kwa mwajiri kutokata. Hiyo ndiyo sehemu ambayo viongozi wengi wa mpira huwa wanairuka.

Rangers nao walionja

Kule Scotland hadithi ilikuwa chungu zaidi. Kati ya 2001 na 2010, kundi la kampuni lililokuwa likiimiliki Rangers lilipitisha zaidi ya pauni milioni 47 kwenye mifuko ya amana. Wachezaji na maofisa, wakiwemo nyota kutoka nje, walipata fedha humo kwa jina la mikopo. Kwa kuwa ilikuwa "mikopo", hakuna kodi ya mshahara iliyokatwa.

Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilipinga. Ilishindwa kwenye baraza la kwanza mwaka 2012, ikashindwa tena 2014, ikashinda rufaa 2015, na Julai 2017 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: malipo ya kazi ni malipo ya kazi, hata yakienda kwa mtu wa tatu. Mwajiri alipaswa kukata.

Kufikia hapo, kampuni ya zamani ilikuwa imeshakufa kitambo. Februari 2012 iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kulimbikiza deni jingine la kodi za mishahara na VAT la karibu pauni milioni 9, lililozaliwa chini ya mmiliki aliyeinunua kwa pauni 1 mwaka uliotangulia. Juni mwaka huo mamlaka ya kodi ikakataa mpango wa kulipana nusu nusu, na Rangers wakaanza upya daraja la nne. Walirudi Ligi Kuu 2016.

Hapa nyumbani sheria inasemaje

Ligi Kuu Bara imejaa wachezaji na makocha wa kigeni, na wengi husaini kwa dola. Baadhi ya viongozi hudhani mchezaji wa nje ni mgeni kwa kila kitu, hadi kwa TRA. Siyo hivyo. Anayefanya kazi Tanzania analipwa kwa kazi ya Tanzania, na mshahara huo unakatwa kodi hapahapa, hata kama fedha inaingia kwenye akaunti ya benki ya kwao.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akate kodi ya mshahara, ile maarufu kwa jina la PAYE, na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Asipokata, sheria haimwachii. Anatakiwa kulipa kodi ileile aliyopaswa kukata, kana kwamba aliikata. Akishalipa, ana haki ya kumdai mfanyakazi.

Na siyo mshahara peke yake. Fedha ya usajili anayopewa mchezaji ili akubali masharti ya mkataba nayo ni mapato ya ajira. Bonasi za ushindi zimo. Nyumba na gari navyo vina kanuni zake za kuhesabiwa.

Siku 183 zinazobadili hesabu

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, klabu inatakiwa kujua kama mchezaji ni mkaazi kikodi au la. Pasipoti haijibu swali hilo. Siku ndizo zinazojibu. Mtu aliyekuwepo nchini jumla ya siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa kuwa mkaazi. Vipo vigezo vingine, kama kuwa na makazi ya kudumu hapa, lakini hiki ndicho kinachowagusa wachezaji wengi.

Mkaazi anakatwa kwa viwango vya kawaida vinavyopanda hadi asilimia 30 kwa sehemu ya mshahara inayozidi Sh1 milioni kwa mwezi. Asiye mkaazi anakatwa asilimia 15 bapa.

Hapo kalenda ya mpira inaleta utamu wake. Mchezaji aliyetua Julai 15 atakuwa na siku 170 tu hadi Desemba 31, hata asipotoka nje ya mipaka. Anaweza kuwa si mkaazi mwaka wa kwanza na kuwa mkaazi mwaka wa pili. Akiitwa timu ya taifa lake mara tatu nne, siku zinapungua zaidi. Klabu isiyotunza nakala za mihuri ya pasipoti haitakuwa na cha kuonyesha siku ya ukaguzi.

Mkononi au kabla ya makato?

Maneno mawili kwenye mkataba yanaweza kuigharimu klabu mamilioni. Chukua mfano wa mchezaji mkaazi anayelipwa Sh10 milioni kwa mwezi, na klabu imekuwa ikimpa zote bila kukata kitu.

Kama mkataba unasema Sh10 milioni kabla ya makato, kodi iliyopaswa kukatwa ni Sh2,828,000 kwa mwezi. Mchezaji alipewa fedha isiyo yake, na klabu ikishalipa TRA inaweza kumdai.

Kama mkataba unasema Sh10 milioni mkononi, yaani baada ya makato, mambo yanageuka. Klabu imejibebesha kodi yenyewe, kwa hiyo hesabu inaanzia juu: mshahara halisi unakuwa Sh14,040,000 na kodi Sh4,040,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh48,480,000. Ukiwa na wachezaji kumi wa aina hiyo, unazungumzia karibu Sh485 milioni, bila riba na bila adhabu. Kuna klabu za ligi ambazo kwa fedha hiyo zinamaliza msimu.

Mchezaji wa namna hiyo hadaiwi kitu. Aliahidiwa mkononi, akapewa mkononi.

Namna ya kujinasua

Klabu iliyogundua kwamba haikukata ina njia, ila inahitaji kuwahi.

Kwanza ni kufungua mafaili yote, mchezaji mmoja mmoja: mkataba, fedha ya usajili, bonasi, tarehe za kuingia na kutoka, na kiwango cha dola siku ya malipo. Pili ni kutenganisha mikataba ya mkononi na ile ya kabla ya makato, kwa sababu hesabu zake ni mbili tofauti. Klabu isisahau pia tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwajiri hulipa kwa fedha yake kutokana na mishahara. Mshahara halisi ukipanda, nayo inapanda.

Tatu ni kwenda TRA kabla TRA haijaja. Riba inahesabiwa mwezi kwa mwezi na haijui msimu umeisha. Anayejipeleka na ritani iliyorekebishwa anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Anayesubiri kufuatwa anaweza kukuta mamlaka imeiagiza benki, au hata mdhamini anayedaiwa na klabu, ielekeze fedha hizo serikalini. Mwaka 2018 serikali ilifungua dirisha la msamaha wa riba na adhabu kwa waliojitokeza kulipa kodi ya msingi. Klabu haiwezi kupanga bajeti kwa kutegemea bahati kama hiyo ijirudie.

Nne, na hapa wengi huteleza, ni kutomkata mchezaji deni lote kwa mkupuo. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya msingi akidai mishahara ya miezi miwili na klabu isipolipa ndani ya siku 15 baada ya kupewa notisi ya maandishi. Klabu inayofyeka mshahara wa mchezaji aliyeahidiwa mkononi ili kufidia kodi ya mwaka jana inaweza kutoka kwenye deni la TRA na kuangukia kifungo cha kusajili. Hata pale ambapo klabu ina haki ya kudai, makubaliano ya maandishi ya kulipana kidogo kidogo ni salama kuliko mkasi.

Mchezaji naye asilale

Mchezaji asidhani hili ni tatizo la mhasibu peke yake. Kodi isipokatwa wala kulipwa, sheria inaweza kumfuata yeye pamoja na mwajiri. Na anayetoka nchi yenye mkataba wa kodi na Tanzania, kama Zambia au Afrika Kusini, anahitaji ushahidi kwamba amelipa hapa ili asitozwe mara mbili kwao. Bila cheti cha makato kutoka klabuni, hana cha kuonyesha.

Swali la kuuliza kabla ya kushika kalamu ni fupi: fedha hii ni mkononi au kabla ya makato, na kodi yangu inalipwa na nani? Wakala makini huuliza hivyo siku ya kwanza. Kiongozi makini hulijibu kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa sababu straika anaweza kuuzwa dirisha likifunguliwa, lakini deni la kodi yake hakuna klabu itakayolinunua.