Kisiwa cha Marion: Mgeni Alikuja, Mwenyeji Anaangamia

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisiwa cha Marion mambo yamekwenda kinyume.

Ndugu msomaji, chukua ramani, weka kidole Mombasa kisha kishushe kusini moja kwa moja, kiasi cha kilomita 4,700. Utakuta nukta mbili peke yao baharini, na bahari yenyewe ni hii hii ya Hindi inayopiga miamba ya Fort Jesus. Ndogo ni Prince Edward, kubwa ni Marion, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 290 hivi. Vyote ni vya Afrika Kusini.

Marion ni kichwa cha volkano iliyoinuka kutoka chini ya bahari, na kilele chake kinapita mita 1,200. Ardhi yake inasomeka kwa rangi. Miamba ya kijivu ni ya zamani, ilisuguliwa na barafu nzito enzi dunia ilipokuwa baridi zaidi. Myeusi ni lava iliyomwagika baadaye. Vilima vyekundu, ambavyo ni zaidi ya mia, ni matundu yaliyotema moto. Volkano hiyo haijafa, kwani ililipuka mwaka 1980.

Huko hakuna kusi wala kaskazi. Upepo wa magharibi huvuma mwaka mzima, mvua na theluji haviishi, na mti hauoti hata mmoja. Wakaaji ni pengwini, sili na ndege wa baharini, akiwemo albatrosi mkubwa, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita 3. Karibu robo ya albatrosi hao duniani huzalia katika kisiwa cha Marion. Jike hutaga yai moja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili.

Kwa kuwa kisiwa kilitoka baharini peke yake, hakikuwahi kuwa na mnyama wa nchi kavu anayewinda. Ndege wakajenga viota chini, bila kujua hofu. Kisha karne ya 19 wakaja wawindaji wa sili, na panya wadogo wa nyumbani wakashuka na mizigo yao. Mwaka 1949 paka 5 wakapelekwa kwenye kituo cha hali ya hewa ili wale panya. Paka wakaona ndege ndio rahisi. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 2,000, wakikadiriwa kuua ndege 450,000 kwa mwaka. Iliwachukua watu hadi 1991 kuwamaliza.

Paka akiondoka, panya hutawala, lakini sababu si hiyo pekee. Kisiwa kimepata joto na ukavu zaidi, kwa hiyo panya huzaana kwa miezi mingi. Waliwala viwavi na wadudu ambao kazi yao ilikuwa kuozesha majani na kurutubisha udongo. Chakula hicho kilipopungua, wakageukia ndege. Kuanzia 2003 walionekana wakiwatafuna makinda ya albatrosi usiku, yakiwa hai. Mwaka 2023 ikathibitika kuwa hata ndege wazima wanauawa. Albatrosi hapigani wala hakimbii, kwa sababu tangu asili yake hakufundishwa kumwogopa panya. Hukaa kwenye kiota chake akiliwa.

Sasa Afrika Kusini na wahifadhi wanapanga kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta kisiwa kizima, wakati wa baridi, panya wakiwa na njaa na ndege wengi wakiwa baharini. Wapo wanaouliza kama ni haki kutumia sumu, na ni kweli baadhi ya ndege wanaobaki watakufa. Lakini kazi kama hiyo ilifanikiwa Macquarie na South Georgia. Sharti lake ni gumu: asibaki panya jike hata mmoja mwenye mimba, la sivyo fedha na jasho vimepotea.

Sisi wa Pwani tusidhani habari hii ni ya mbali. Kunguru wetu aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na leo anakula mayai na vifaranga vya ndege wa kienyeji. Kumleta mgeni kunahitaji jahazi moja tu. Kumtoa kunaweza kuchukua miaka mia mbili.