Mashini ya DVD

Katika nyumba moja ya Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kuna kisahani kimoja ambacho watoto wote wanakipenda. Ndani yake mna picha na sauti ya babu yao. Fundi wa picha alizipiga siku ya arusi ya shangazi. Babu amekwisha kufa. Lakini jioni, umeme ukiwapo, baba hutia kisahani katika mashini ya DVD. Ndipo babu huonekana tena: anasimama, anawabariki maarusi, anacheka.

Siku moja picha ikasimama ghafula. Uso wa babu ukakatika vipande vipande. Baba akatoa kisahani, akakigeuza. Chini yake akaona alama za vidole, mavumbi na mikwaruzo. Kumbe, mtoto mdogo alikichezea mchangani! Mtoto mkubwa akashika kitambaa, akaanza kukisugua kwa kuzungusha mkono. Baba akasema: «Acha, mwanangu! Ukifanya hivyo, utampoteza babu mara ya pili.»

Kwa nini baba alimkataza? Ili kujibu, lazima kwanza kujua namna mashini inavyosoma.

Kisahani cha DVD kina upana wa sentimeta 12. Ndani yake mna mstari mmoja tu, unaozunguka kama nyumba ya konokono. Unaanza karibu na tundu la katikati, unaishia ukingoni. Mizunguko yake imebanana sana: katika milimita 1 mna mizunguko zaidi ya 1,300. Mstari huo ukinyoshwa wote, urefu wake ni karibu kilometa 12. Juu ya mstari mna alama ndogo sana, ambazo macho hayawezi kuziona. Alama hizo ndizo picha na sauti.

Ndani ya mashini mna taa ndogo ya nuru nyekundu, inayoitwa leza. Kisahani kinazunguka mbio, mara 1,400 hivi kwa dakika pale mwanzoni. Nuru inapiga alama na kurudi. Pengine inarudi na nguvu, pengine inarudi dhaifu. Mashini inahesabu tofauti hizo na kuzigeuza kuwa picha na sauti. Hakuna sindano inayogusa kisahani, kama katika gramofoni ya zamani. Nuru peke yake inasoma. Kwa hiyo vumbi likiizuia nuru, mashini ni kama mtu aliyefungwa macho.

Visahani vya DVD vilianza kuuzwa katika Japani mwaka 1996. Mbele yake watu walitumia kaseti zenye utepe. Mtu aliyetaka kuona mwisho wa sinema alingoja utepe uzungushwe wote. Katika DVD taa inaruka mara moja mpaka mahali panapotakiwa. Ndiyo sababu vitufe vya telekomande vinaweza kufanya mambo mengi.

Kitufe chenye pembe tatu moja kinaanzisha picha. Chenye vijiti viwili vilivyosimama kinaisimamisha kidogo. Chenye mraba kinaikomesha. Katika mashini nyingi, ukibonyeza mraba mara moja, mashini inakumbuka mahali ilipofika. Ukibonyeza mara mbili, inasahau. Pembe tatu mbili zenye kijiti mwishoni zinaruka mpaka sura inayofuata, kama mtu anayefungua kitabu katika sura anayoitaka.

Kuna na kitufe chenye herufi A na B. Ubonyeze pale neno linapoanza, ubonyeze tena pale linapokwisha. Mashini itarudia kipande hicho mpaka uikataze. Vitufe vingine vinachagua lugha ya sauti na lugha ya maandiko yanayopita chini ya picha. Kisahani kimoja chaweza kuwa na sauti 8 na maandiko ya namna 32. Mwanafunzi anayejifunza Kifaransa achague sauti ya Kifaransa na maandiko ya Kifaransa. Sikio litasikia, jicho litasoma, na neno gumu litarudiwa bila mwalimu kuchoka.

Pengine mashini inakataa kisahani kizuri kisicho na kosa. Utazame nambari iliyo juu ya kifuko chake. Visahani vya sinema vya Ulaya vina nambari 2, na mashini za Kongo zina nambari 5. Nambari zisipopatana, mashini inakataa. Usiipige wala usiifungue, kwa maana nuru ya leza inaweza kuumiza macho.

Sasa turudi kwa kisahani cha babu. Katika kitabu, kama herufi moja imefutika katika kila mstari, utaweza kusoma. Lakini kama mstari mzima umefutika, hutajua ulisema nini. Kisahani ni vivyo hivyo. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni unakata kila mzunguko kidogo tu, na mashini inaweza kutengeneza kilichopungua. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta alama nyingi zinazofuatana, na mashini inashindwa.

Basi, baba akatwaa kitambaa laini, safi, akakilowesha kidogo kwa maji. Akashika kisahani kwa ukingo, akapangusa polepole kutoka katikati kwenda nje. Akakikausha, akakirudisha katika mashini. Babu akaonekana tena. Mahali pamoja tu picha ilirukaruka, na pale hapakupona. Kesho yake baba alikwenda kwa fundi, akaandikisha kisahani cha pili. Cha kwanza kikawekwa katika kifuko chake, mbali na jua na vumbi.

Wazee husema: Kitunze kidumu.

MASWALI
1. Kitu gani kinasoma kisahani cha DVD?
2. Kwa nini kisahani kisipanguswe kwa kuzungusha mkono?
3. Kitufe cha A na B kinamsaidiaje mwanafunzi?
4. Kwa nini baba aliandikisha kisahani cha pili?