Kutoka kreti hadi chupa: sosi ya nyanya, na SMS iliyosimamisha jiko

Ukipita Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, wakati nyanya zimejaa, utaona kreti zimepangwa zikingoja broka. Asipokuja siku mbili, nyanya zinalainika na bei inaanguka. Tulitembelea familia moja iliyochoka kungoja. Baba, mama na binti yao waliamua nyanya zao watazipika wenyewe.

Kazi huanza asubuhi na mapema. Nyanya mbovu zinatolewa, nzuri zinaoshwa na kuchovywa kwenye maji moto kwa dakika moja hivi, kisha kwenye maji baridi. Maganda yanatoka bila shida. Zinapondwa, zinachujwa mbegu, halafu zinachemshwa polepole hadi sosi iwe nzito. Chupa moja ya nusu lita inakula karibu kilo moja na nusu ya nyanya, kwa hivyo usishangae bei.

Halafu kuna siri ya usalama. Nyanya zingine hazina ukali wa kutosha kuzuia vijidudu hatari, kwa hivyo kila chupa inawekwa kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau ya dukani, ambayo ukali wake haubadilikibadiliki. Vitunguu na hoho haviingii, kwa sababu vinapunguza ukali huo. Hivyo utakaanga mwenyewe ukifika nyumbani!

Sosi inatiwa ikiwa moto na kuachiwa nafasi ya kama sentimita moja juu. Chupa zinafunikwa kwa vifuniko vipya na kuchemshwa zikiwa zimezama kabisa. Mwea iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndiyo maana wao huhesabu dakika 45, tena kuanzia maji yanapochemka, wala si yanapowekwa jikoni.

Kwa upishi walikuwa makini hivyo. Kwa pesa, la.

Malipo yote yalikuwa yanaingia kwenye laini ya binti, yakichanganyika na pesa za chama na karo. Siku moja mteja alichukua chupa 40 za shilingi 250. SMS ya shilingi 10,000 ikaingia, akaondoka na mzigo. Jioni, binti alipotaka kulipia chupa tupu, salio halikutosha. Kuangalia vizuri, ile SMS ilitoka kwa namba ya kawaida ya simu. Pesa hazikuwa zimeingia. Jiko lilikaa baridi wiki nzima.

Sasa wamebadilisha mambo matatu, na hata wewe unaweza kuanza leo:

1. Till ya biashara. Pesa za sosi haziguswi na matumizi ya nyumbani. Kila mmoja wao anajua ni ngapi zimeingia.

2. Salio kwanza, mzigo baadaye. SMS peke yake si pesa. Angalia ametuma nani, kisha thibitisha salio kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye simu ya mteja. Akikuharakisha, hiyo ni sababu ya kwenda polepole.

3. Hesabu ya jioni. Asubuhi chupa 60, jioni 42. Zimeuzwa 18, kwa hivyo Till inafaa kuonyesha shilingi 4,500. Zikipungua, wanatafuta usiku huo huo, kabla hawajasahau nani alichukua nini.

Na mtu akikupigia akidai amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa haraka. Angalia salio, kisha mwambie apigie huduma kwa wateja. PIN yako usimpe yeyote, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatutakuuliza PIN kamwe.

Tulipoondoka, maji yalikuwa yameanza kuchemka na mama akaangalia saa. Dakika 45, bila kupunguza hata moja. Siku hizi hata salio wanaliangalia hivyo hivyo.