Miguu ya Mzee Ikivimba, Utazameni Moyo

Askari aliyesimama lindoni usiku kucha hurudi nyumbani miguu imemjaa, akilala, hupungua. Kwa hiyo watu wa kambini hudhani kwamba uvimbe wa mzee nao ni uchovu tu, au hunong'ona kuwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Lakini mzee aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba moyo wake umedhoofika, ugonjwa wake hauko miguuni. Moyo hausukumi damu ipasavyo, figo nazo huzuia chumvi na maji, na maji hayo huteremkia chini. Bonyeza kifundo kwa kidole gumba, nawe utaona kishimo kikibaki.

Basi kazi kubwa i jikoni. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kisicho na kilele, pamoja na ile iliyojificha katika ng'onda na vidonge vya mchuzi. Magadi ya kuivishia maharagwe wapishi wengi hawayahesabu, nayo yana sodiamu vilevile! Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitamrudishia mzee hamu ya kula.

Apimwe uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na hesabu iandikwe. Akizidi kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3, hakunenepa, ni maji. Apelekwe zahanati bila kungoja.

Dawa ya kukojoza, kama furosemaidi, kwa kawaida humezwa asubuhi ili mzee asikose usingizi. Wako wanaoiacha siku ya safari kwa kuogopa haja ndani ya basi. Heri kumwuliza daktari saa nyingine ya kuimeza. Wala asipewe ibuprofeni au diklofenaki za kutuliza magoti bila idhini yake, kwani huzuia maji mwilini.

Akiketi, miguu iinuliwe juu ya kigoda chenye mto. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe baina ya vidole na kupakwa mafuta, maana ngozi iliyovimba hupasuka upesi. Kukanda kwa maji ya moto huiunguza.

Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Hilo, au maumivu ya kifua, au kuamka akitweta, ni safari ya hospitali usiku huo huo. Anayetweta asilazwe chali. Aketishwe wima, na mwingine akimbie kuomba gari la kambi.