Gitaa la umeme: Kwa nini sauti ya shingoni hupendeza ikiwa safi na kuzama ikikwaruzwa

VIJANA wengi wanaojifunza kucharaza gitaa la umeme makanisani na katika bendi za mitaani hulalamikia jambo moja. Wanapofanya mazoezi nyumbani, sauti ya chombo chao huwa nene na ya kupendeza. Wakipanda jukwaani na kukanyaga kidude cha kukwaruza sauti, utamu wote huyeyuka na kubaki mngurumo usioeleweka. Wapo wanaokimbilia dukani kutafuta gitaa jingine la bei ghali, ilhali mara nyingi kiini cha tatizo ni swichi ndogo iliyo kwenye gitaa lile lile.

Swichi hiyo huchagua pikapu itakayotumika. Pikapu inayozungumziwa hapa si lile gari la kubebea kabeji kutoka Kinangop, bali ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, huvuruga uga wake, na umeme hafifu huzaliwa katika waya ule. Ni kanuni iliyogunduliwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha majenereta ya bwawa la Masinga.

Magitaa mengi ya umeme yana pikapu mbili au tatu. Moja hukaa karibu na daraja, mahali nyuzi zinapofungwa, na nyingine hukaa pale mwili unapoungana na shingo. Hii ya pili, yaani pikapu ya shingoni, ndiyo iliyotangulia kupata umaarufu. Gitaa la Gibson ES-150, lililoanza kuuzwa mwaka 1936, lilikuwa na pikapu moja tu, nayo iliwekwa upande wa shingo. Kwa gitaa la aina hiyo Mmarekani Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939, aliwafanya wasikilizaji wa jazi wasikie gitaa likizungumza sambamba na tarumbeta na zumari. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, lakini sauti yake nene na ya mviringo imebaki kuwa kipimo hadi leo.

Unene huo hautokani na uchawi wowote wa kiwanda. Unatokana na mahali pikapu ilipo. Uzi ukidonolewa hautoi sauti moja. Uzi mnene wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti ya msingi. Papo hapo hutetemeka pia mara 165, mara 247, mara 330 na kuendelea. Sauti hizi za juu, ambazo wanamuziki huziita hamoniki, ndizo zinazoipa noti ukali wake.

Sauti ya msingi huufanya uzi uyumbe kwa mapana zaidi katikati na kutulia kabisa kwenye ncha. Katika gitaa la Fender Stratocaster, lililobuniwa mwaka 1954, uzi una urefu wa milimita 648 na pikapu ya shingoni iko takriban milimita 162 kutoka darajani, yaani robo kamili ya uzi. Pale, mtikisiko wa sauti ya msingi ni zaidi ya mara tatu ya ule unaonaswa na pikapu ya darajani. Tena, robo ya uzi ni mahali ambapo hamoniki ya nne hutulia tuli, kwa hivyo pikapu haiisikii kabisa. Sauti ya msingi hujaa, ukali hupungua.

Jambo la ajabu zaidi hutokea mpigaji anapobana uzi kwenye freti ya 12. Uzi sasa umebaki nusu, na pikapu ile ile hujikuta katikati barabara. Hamoniki zote za namba shufwa hutoweka na za witiri pekee husalia. Kilarineti nayo, katika noti zake za chini, hutegemea zaidi hamoniki za witiri, na ndiyo sababu gitaa likichezwa hivyo hufanana na ala ya kupulizwa. Wanaosema sauti ya shingoni "inapuliza" hawajakosea.

Ikichezwa safi, bila mkwaruzo wowote, pikapu hii hufaa sana kwa vikundi vya noti vinavyopigwa taratibu na kwa nyimbo za jazi. Wes Montgomery, aliyefariki mwaka 1968, aliacha kutumia kidude cha plastiki na kudonoa nyuzi kwa kidole gumba, na gitaa lake la Gibson L-5 lilitoa sauti laini kama mtu anayeimba chumba cha pili. Kwenye magitaa mengi ya Gibson Les Paul, kibao cha swichi kimeandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya mdundo upande wa shingoni. Watengenezaji walikusudia mpigaji asindikize waimbaji kwa pikapu hiyo, kisha ahamie darajani anapotaka kusikika peke yake.

Mashabiki wa benga wanaielewa hoja hiyo hata kama hawajawahi kuiona swichi yenyewe. Gitaa la kwanza la benga, linalofuata mkondo wa nyatiti, hulia juu, safi na kwa makali, huku besi ikitamba chini. Gitaa jingine lenye sauti nene likiingia hapo kati, humezwa na besi. Kinachosikika kitamu sebuleni hakisikiki ukumbini penye ngoma, kinanda na paa la mabati.

Mkwaruzo hubadilisha hesabu yote. Amplifaya au kidude cha miguuni kikipewa umeme mwingi kuliko kinavyoweza kubeba, hukata vilele vya mawimbi, kama ua wa michongoma unavyopunguzwa kwa panga hadi ukawa sawa juu. Wimbi lililokatwa huzaa hamoniki mpya ambazo hazikuwepo. Noti iliyodonolewa kwa nguvu na iliyodonolewa kwa upole hukaribiana kwa ukubwa, na zote mbili hudumu kwa muda mrefu.

Kwa noti moja moja zilizo juu, pikapu ya shingoni hunufaika sana na hali hiyo. Iliingia ikiwa na sauti ya msingi iliyojaa na ukali mdogo, ikatoka na hamoniki zilizojipanga vizuri. Matokeo hukaribia fidla au sauti ya binadamu. Eric Clapton alipata sifa kwa sauti ya namna hiyo katika albamu ya Disraeli Gears ya mwaka 1967, akiondoa kabisa sauti nyembamba kwa kitufe cha gitaa huku amplifaya ikiunguruma.

Balaa huja kwenye noti za chini zinazopigwa kwa pamoja. Mkwaruzo huzaa pia sauti za tofauti. Noti ya mizunguko 82 ikipigwa pamoja na ya mizunguko 104, hutokea mngurumo wa mizunguko kama 22, ambao sikio huupokea kama tope tu. Ya 82 ikiunganishwa na ya 123, tofauti ni 41, ambayo ni nusu kamili ya noti ya kwanza, na sikio huikubali. Hii ndiyo sababu wapigaji wa roki hupenda vikundi vya noti mbili tu za aina hiyo. Pikapu ya shingoni, kwa kuwa imejaa sauti nzito, huzidisha tope hilo maradufu.

Tiba yake ni rahisi. Besi ipunguzwe kabla ya sauti kufika kwenye kidude cha mkwaruzo, kwa sababu kuipunguza baadaye ni sawa na kuchuja chai iliyokwisha kumwagika. Kitufe cha sauti cha gitaa kikishushwa kutoka 10 hadi 7, mkwaruzo hupungua na maneno ya gitaa huanza kueleweka. Mvumo wa umeme wa stima, ambao nchini ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, nao hukuzwa na mkwaruzo. Pikapu zenye koili mbili, zilizobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, huuzima kwa kuzifanya koili hizo zipingane.

Kuna pia skrubu mbili za kuinua na kushusha pikapu, ambazo wengi hawazigusi kamwe. Sumaku zenye nguvu zikikaa karibu mno na nyuzi upande wa shingoni, huzivuta na kuzinyima uhuru wa kuyumba, na noti nzito hulia kana kwamba ni mbili zisizopatana. Bisibisi ikizungushwa mara chache, pikapu hushuka na noti hizo hutulia.